BABA MDOGO, HUYU SAMAKI ANARUDI MAJINI!

Umewahi kupanda gari saa kumi alfajiri na mtu asiyekusemesha? Siyo kwamba amelala. Yuko macho, kavaa koti lako mwenyewe la baridi, kafunga mkanda, anatazama barabara kana kwamba gari linajiendesha. Mwendo wa saa moja na nusu kutoka Dallas kwenda mashariki, na neno pekee nililopata kwa baba mdogo lilikuwa "marahaba". Hilo nalo nililipata kwa sababu shikamoo haikataliwi.

Msomaji wangu, hii ni habari ya kuvua samaki. Nakuahidi nitafika kwenye samaki, na kwenye vile vichambo vya plastiki ambavyo watu wazima huku Texas wananunua kwa bei ya kuku. Lakini vumilia kidogo, maana bila kujua ile safari ilikuwa ya nini, utaniona mtu wa starehe tu.

Mimi ni mtoto wa Nansio, Ukerewe. Nikapitia Mwanza, nikaishia Kinondoni, na mwaka 2013 nikaja huku kubeba boksi. Ghala kubwa, zamu ya usiku, mgongo unalia. Mwaka 2019 baba alifariki. Sikwenda kuzika. Nilipiga simu nikasema nimebanwa na kazi, nikatuma hela ya arobaini. Baba mdogo ndiye aliyetia udongo kwa niaba yangu. Ile hela aliirudisha kama ilivyokuja, na tangu siku hiyo hakupokea simu yangu. Kwetu ukigombana na mtu mzima anaweza kukutukana, anaweza hata kukufukuza, lakini hela haachi. Ukiona hela imerudi, basi ujue umefanya jambo.

Sasa binti yake, ambaye ni dada yangu, anaishi hapa hapa Dallas na amejaliwa mtoto. Baba mdogo akaja Februari kumwona mjukuu. Wiki tatu alikaa ghorofani akitazama maegesho ya magari. Mtu aliyezaliwa na kuzeekea mwaloni! "Mji gani huu hauna hata harufu ya dagaa?" ndiyo ilikuwa salamu yake kwa kila mgeni. Nilikuwa nikienda pale Jumapili tunakaa meza moja, akitaka chumvi anamwambia dada, dada ananiambia mimi. Mwishowe dada akachoka.

"Mpeleke ziwani," akaniambia jikoni. "Mimi siwezi kuwa mkalimani wa watu wawili wanaojua Kiswahili."

MSITU ULIOZAMA

Bwawa lenyewe linaitwa Lake Fork. Ukisikia bwawa usifikirie kidimbwi cha kunyweshea ng'ombe. Lina ekari 27,690, yaani kilomita za mraba kama 112, na lilianza kujazwa maji mwaka 1980 baada ya kuziba kijito kimoja kinachoingia mto Sabine. Waliolijenga hawakukata miti yote. Maeneo mengi waliiacha imesimama, maji yakapanda, miti ikafa wima. Mpaka leo unakuta vigogo vya kijivu vimechomoza majini kama watu wanaosubiri kivuko. Chini yake kuna visiki usivyoviona, na hapo ndipo anapoishi mwenye mji.

Mwenye mji ni samaki anayeitwa bass. Tumwite besi, kama lile gitaa. Wa huku ni yule wa mdomo mkubwa. Mgongo wa kijani, mstari mweusi ubavuni, na mdomo, bwana wee, ngumi ya mtoto inaingia. Jirani zetu wa Kenya wanaye pale Naivasha tangu enzi za mkoloni. Kabla Lake Fork haijajaa, wataalamu walipandikiza vifaranga wa besi wa asili ya Florida, ambao wanakua kuliko wa kawaida. Matokeo yake ni mambo ya gazeti. Novemba 1986 alivuliwa humo jike wa ratili 17 na ushei, akapewa jina la Ethel, akapelekwa jimbo la Missouri kukaa kwenye tangi la duka kubwa la vifaa vya uvuvi, na watu wakawa wanakwenda kumwangalia mpaka alipokufa mwaka 1994. Januari 1992 bwana mmoja, Barry St. Clair, akavunja rekodi ya jimbo zima kwa besi wa ratili 18.18, kilo nane na robo. Na wala hakuwa akimtafuta. Alikuwa anavua samaki wadogo kwa chambo hai. Ndiyo bahati hiyo.

Nilijifunza uvuvi wa hapa kwa mzee mmoja wa Kitexas, mstaafu, niliyefanya naye kazi ghalani. Jina lake silitaji, hapendi magazeti. Ana boti ya faiba yenye injini ya kutisha, na ndiye aliyekuwa anatusubiri gatini na thamosi ya kahawa. Nilikuwa nimeshakata leseni ya siku moja ya baba mdogo. Usicheze na leseni huku, maofisa wa wanyamapori wanatokea kwenye ukungu kama majini.

Mzee akamvalisha baba mdogo boya la kujiokoa, akawasha kile kiskrini kinachoonyesha samaki walio chini. Nikatafsiri. Baba mdogo akakitazama, akamgeukia mzee moja kwa moja, akasema kwa Kiswahili, "Sasa wewe unavua au unaangalia video?"

Mzee akaniuliza amesema nini. Nikasema amesifu boti.

CHAMBO CHENYEWE

Sasa nieleze hiki chambo, maana ndicho kilicholeta yote. Wenyewe huviita krankibeti. Ni kipande cha plastiki au mti mwepesi, kinene kama kidole gumba cha mpiga chapa, kimepakwa rangi ya kisamaki au ya kamba wa maji baridi, na tumboni kina ndoano mbili zenye meno matatu kila moja. Mbele kina kidomo cha plastiki kama koleo dogo. Kikiwa kimetulia, kinaelea. Ukianza kukunja mshipi, kile kidomo kinachota maji, chambo kinainamisha kichwa na kuzama huku kikitikisa kiuno. Ukiacha kukunja, kinapanda tena. Kidomo kirefu kinakipeleka chini sana. Kidomo kifupi, hasa kile kilichokatwa mraba, kinakiachia kwenye mita moja hadi moja na nusu. Hiki cha pili ndicho cha mwezi Machi, wakati besi wanaanza kusogea maji mafupi kutafuta pa kutagia.

Vinanunulika kwa hadithi pia. Mfini mmoja, Lauri Rapala, mwaka 1936 alichonga cha kwake kwa kisu, akakivika karatasi ya kufungia chokoleti. Miaka ikapita, Agosti 1962 jarida la Life la Marekani likaandika habari zake kwenye toleo lile lile lililomweka Marilyn Monroe kwenye jalada, siku chache baada ya kifo chake. Toleo likagombaniwa kwa ajili ya Marilyn, na waliolifungua wakakutana na samaki wa mti. Oda zikamiminika mpaka wakashindwa kuzihudumia. Na hiki cha kidomo cha mraba alikianzisha Fred Young wa Oak Ridge, Tennessee, mwishoni mwa miaka ya 60, akichonga kimoja kimoja kwa mkono. Akakiita Big O, kwa heshima ya ndugu yake Odis. Ilifika hatua washindani wanakodishana chambo kama suti ya harusi.

Nilimweleza baba mdogo yote haya. Yaani nililielezea ziwa, kwa kuwa yeye alikuwa kanipa mgongo. Nikafunga chambo, nikarusha. Nikakunja. Nikarusha. Saa mbili nzima ikaenda hivyo, jua likatoka, ukungu ukapanda, na mimi narusha kwenye maji meupe yaliyo wazi kama uwanja wa mpira. Hakuna hata mguso.

Nikwambie ukweli kwa nini nilikuwa narusha pale. Ubahili. Chambo kimoja kizuri kinakula dola nane, tisa, wakati mwingine zaidi, na msimu uliopita visiki vilikuwa vimenilia vitatu kwa siku moja. Piga hesabu hiyo kwa shilingi uone kama hutalia. Basi mimi nilikuwa nakipitisha mbali na kila kitu chenye sura ya mti. Mzee wa Kitexas alinitazama akitafuna mkate wake, akasema taratibu kwamba nina chambo kizuri sana cha kuvulia mahali pasipo na samaki.

Sikumtafsiria baba mdogo. Lakini mvuvi ni mvuvi. Aligeuka, akatazama ulipoangukia mshipi wangu, akatazama ule mstari wa vigogo, na kwa mara ya kwanza tangu 2019 akanisemesha.

"Piga kwenye kile kisiki."

"Kitanasa, baba."

"Samaki anakaa wapi? Nyumbani kwake au barabarani?"

Sikuwa na jibu. Akanyosha mkono. Nikampa fimbo.

LEGEZA

Mtu huyu miaka arobaini ametega migonzo na nyavu Ziwa Victoria. Sangara walipochachamaa miaka ya 80 alikuwa kijana, amebeba wa kilo sitini mabegani. Lakini fimbo yenye rili hajawahi kushika. Mzee akamwonyesha mara mbili kwa mikono tu, bila maneno, na hapo nikaona kitu cha ajabu: wale wazee wawili hawakunihitaji kabisa. Mrusho wa kwanza ukaangukia nyuma yetu. Wa pili ukaenda angani. Wa tatu ukapita kisiki kwa hatua mbili, akaanza kukunja, na nikaona ncha ya fimbo ikitetemeka tetete, halafu ko! Chambo kimekigonga kisiki.

Hapo ndipo penye siri yote ya uvuvi huu. Kile kidomo cha mraba hakikuwekwa kwa urembo. Chambo kinakwenda kimeinamisha kichwa, kwa hiyo kinachogonga mti kwanza ni kidomo, ndoano ziko nyuma zimejificha kwenye kivuli chake. Kikigonga, kinaruka pembeni ghafla kama kisamaki kilichojikwaa. Besi amekaa pale kivulini. Pengine ameshiba, pengine kitu kinachopita zake asingekijali. Lakini kitu kinachojikwaa mbele ya pua yake hawezi kukiacha. Anakidaka kabla hajafikiri. Ukikipitisha kwa usalama, hakijikwai. Kisipojikwaa, umekuja kuogesha plastiki.

Mrusho wa nne kikanasa. Nilijua! Baba mdogo akavuta kwa nguvu zake zote za kuvuta nyavu, fimbo ikapinda, mimi nimeziba macho nikihesabu dola zangu. Mzee wa Kitexas akamshika kifundo cha mkono. Akashusha fimbo, akaachia mshipi ukalala juu ya maji.

"Mwambie alegeze," akaniambia. "Kinaelea hicho. Ukikivuta kinazidi kuingia. Ukikilegezea kinarudi nyuma chenyewe."

"Legeza, baba," nikasema.

Akalegeza. Tukasubiri. Sekunde tano, kumi. Na kweli, kile kidubwana kikajinasua, kikapanda kinyumenyume, kikatokea juu ya maji kando ya kisiki, pwa. Baba mdogo akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho kwa miaka mingi sana, na ni kicheko cha baba yangu kabisa, wale walikuwa watoto wa tumbo moja. Nikajifanya natafuta kitu kwenye begi.

Alipokaa sawa nikamsimulia habari za Omori, nikijua atazipenda. Takahiro Omori, Mjapani wa Tokyo, alikuja Marekani mwaka 1992 akiwa na umri wa miaka 21. Kiingereza hana, jamaa hana. Alitaka kuvua besi tu kwa mashindano. Alilala ndani ya gari lake huku akiingia shindano moja baada ya jingine, na maskani akaja kuyafanya Emory, mji mdogo ulio jirani na bwawa hili hili. Mwaka 2004, kwenye fainali kubwa kuliko zote inayoitwa Bassmaster Classic, kule Lake Wylie katika majimbo ya Carolina, siku ya mwisho dakika zimebaki za kuhesabu, akachukua krankibeti ya kuzama kifupi na kupata samaki aliowahitaji. Dola 200,000. Mjapani wa kwanza kutwaa taji lile.

Baba mdogo akakunja mshipi kimya. Kisha akauliza, "Miaka kumi na mbili. Kwao alikuwa anarudi?"

"Sijui, baba."

"Baba yake alikuwa hai?"

Nikasema sijui. Akarusha tena.

SAMAKI

Alimpata saa nne kasorobo. Kisiki kilekile, upande wa pili. Safari hii hakukuwa na ko. Ncha ya fimbo iliacha tu kutetemeka, halafu ikaenda chini. Mtu asiyezoea hapo anachomoa kwa nguvu, na ndoano zenye meno matatu zinachanika mdomoni. Ndiyo maana fimbo za kazi hii huwa laini, zinameza ule mshtuko. Mimi nilikuwa napiga kelele "Usivute! Usivute!" lakini mzee mzima alikuwa ameshaingia kwenye dunia yake. Alimwachia, akamrudisha, akamwachia. Samaki akaruka mzima juu ya maji, akitikisa kichwa, chambo kinang'aa pembeni ya taya. Mzee wa Kitexas akapiga mluzi.

Tukamtia chandaruani. Besi unamshika kwa kumtia kidole gumba mdomoni, ukabana taya la chini, akapooza. Meno yake ni kama msasa tu. Baba mdogo akamwinua, uso umechanua kama mtoto wa Idi. Inchi 21, zaidi ya nusu mita. Kwa macho tulimpa kilo mbili na nusu.

"Huyu," akasema, "nazi, ndimu, na pilipili mbuzi."

Ndipo mzee wa Kitexas alipokohoa. Nikajua kazi imenifika.

"Baba, huyu anarudi majini."

Alinitazama kama nimemwambia tumtupe mjukuu.

Sheria ya Lake Fork ni hii. Besi mwenye inchi 16 hadi 24, yaani kama sentimita 40 hadi 60, haruhusiwi kuchukuliwa. Chini ya hapo, chukua. Kwa siku ni watano, na kati yao anayefikia 24 au kuzidi awe mmoja tu. Nikaeleza. Nikamwonyesha rula iliyobandikwa kwenye boti. Na rula, wee, baba mdogo anaijua. Kule kwetu sangara wa chini ya sentimita 50 ni marufuku, ameishi na sentimita hizo, ameziona zikitia watu matatani.

"Kwetu tunarudisha watoto ili wakue," akasema. "Ninyi mnakula watoto mnarudisha mama?"

Swali la haki kabisa. Nikampelekea mzee wa Kitexas, naye akajibu kwa upole. Watoto ni wengi kupita kiasi, wanagombania chakula na kula wao kwa wao, kwa hiyo kupunguza kidogo si dhambi. Lakini aliyefika inchi 21 ameshavuka vita vyote, na akiachwa ndiye anayekuwa yule wa ratili kumi na kitu anayeleta watu kutoka nchi nzima. Na wakubwa wote ni majike. Kwa miaka mingi orodha ya besi wakubwa kuliko wote wa Texas ilijaa samaki wa bwawa hili kwa zaidi ya nusu. Nikatafsiri neno kwa neno, na hii sikuongeza chumvi.

Baba mdogo bado amemshika, maji yanamchuruzika kiwikoni. Mimi macho yako kwa samaki, maana hewani hana muda.

"Kaka angekubali," akasema.

Nikanyamaza.

"Kaka alikuwa na ubao. Ameuchonga sentimita zake kwa kisu. Watu walimcheka mwaloni, wakamwita Bwana Samaki. Wa arobaini na tisa anamrudisha, mtoto wake hana daftari."

Huyo mtoto asiye na daftari nilikuwa mimi. Ubao huo naukumbuka.

Akapiga magoti pembeni ya boti, akamshusha samaki taratibu, akamshika mkiani akimwendesha mbele na nyuma mpaka mapezi yakaanza kufanya kazi. Halafu akamwachia. Hakufanya haraka. Yule mama akakaa pale pale sekunde mbili tatu, kama anafikiri, kisha akapotea kwenye giza la visiki.

Akiwa bado amepiga magoti, bila kunitazama, akaniuliza: "Ulishindwa kuja, au hukutaka?"

Msomaji, ningeweza kukudanganya hapa. Nilikuwa nimedanganya miaka yote hiyo, kuongeza siku moja isingekuwa kitu. Lakini kwenye boti huna pa kwenda.

Nikasema sikuwa na karatasi. Mwaka 2019 kesi yangu ya makazi ilikuwa bado kwenye foleni, na nikitoka mlango unafungwa nyuma yangu, na ada za wadogo zangu wawili zilikuwa zinatoka kwenye boksi hilo hilo. Nilikuwa nimewaambia nyumbani mambo yangu safi tangu mwaka wa kwanza. Nimetuma picha nimeegemea gari ambalo si langu. Sasa ningeanzaje kusema siwezi kuja kumzika baba kwa sababu ya karatasi? Nikasema kazi. Nikaona kazi ina heshima zaidi.

"Kazi," akarudia. Akakaa kwenye kiti, akafuta mikono kwenye koti langu. "Unajua nilichomwambia shangazi yako? Nilimwambia mtoto wa kaka amechagua boksi, ameacha kaburi la baba yake."

"Najua, baba."

"Hujui. Nilisema mbele ya watu. Msibani."

Mzee wa Kitexas, ambaye hakuelewa hata neno, aliigeuza boti akajifanya anakagua kamba ya nanga.

"Na hizo karatasi sasa?"

"Zilitoka 2023."

"Sasa umengoja nini?"

Ndilo swali nililokuwa nalikwepa zaidi kuliko visiki. Nikasema niliona aibu, kila mwaka ikawa kubwa zaidi. Akatingisha kichwa muda mrefu. Kisha akaniashiria fimbo.

"Vua. Jua linapanda."

Nikavua. Nikapiga visiki vyote vya ule mstari, kimoja kimoja, bila huruma. Nikapoteza chambo kimoja cha dola tisa kwenye tawi lililozama, tukalegeza weee, hakikutoka. Kingine kilipasuka kidomo kwenye kigogo. Lakini nilipata besi watano kabla ya saa saba, wawili kati yao wa inchi 14 na 15. Hao tukawatia kwenye barafu kwa amani ya serikali.

Jioni dada aliwakaanga, ndimu na pilipili, na ugali wa unga wa duka la Wamexico. Baba mdogo akapiga simu Nansio. Samaki wa inchi 21 akawa anafika kiunoni. Nilikuwa nanawa mikono nikamsikia anasema, "Ngoja, kuna mtu hapa," na simu ikanijia usoni.

"Shikamoo shangazi," nikasema.

Kimya. Kuku wa Nansio wanasikika.

"Marahaba. Leo kazi imekuruhusu?"

Baba mdogo aliinamia simu, mdomo umejaa ugali. "Mwache," akasema. "Nitakueleza nikifika. Na mimi nina la kueleza."

Aliondoka mwezi wa nne. Siku ya kufunga mizigo dada alikuta kwenye soksi yake ile krankibeti iliyopasuka kidomo, ndoano zimefungwa kwa plasta. Akaniambia anakwenda kuijaribu kwa sangara kwenye mawe ya Ukara. Nikamwambia baba, hiyo hata ikiwa nzima inazama mita moja tu, na sangara wa maana yuko chini sana. Na isitoshe kidomo kimevunjika, haiwezi kuzama kabisa.

"Utakuja Desemba na nyingine," akasema, akafunga zipu.